Wageni Waliovuka Ruvuma

Wanafunzi wetu wa Mbuji, leo twauliza: je, mgeni ni hatari kwa nchi?

Septemba 1964 FRELIMO ilianza vita na Wareno huko Msumbiji. Maelfu ya watu wakavuka mto Ruvuma, wakaja kwetu. Swali lilikuwa zito: kati yao hamna mpelelezi? Serikali ilitunga sheria ya kuwasimamia wakimbizi. Tena ikawapa mashamba, kama kule Lundo, karibu na Ziwa Nyasa. Msumbiji ilipopata uhuru, 25 Juni 1975, wengi walirudi kwao.

Nanyi kumbukeni: katika karne ya 19 babu zenu Wamatengo waliwakimbia Wangoni, wakapanda milimani, wakalima ngoro. Basi, kabla hamjamwita mkimbizi adui, ulizeni kwanza anakimbia nini.