"Afande": Neno, Cheo na Mkasa wa Jenerali Ndolo

Neno "afande" lina asili ya Kituruki, nalo lilienezwa huku na askari wa Kisudani waliotumikia Waingereza. Wakoloni waliwaita Wakamba kabila la askari. Hata hivyo, kilichowasukuma vijana wa Kitui na Makueni kujiunga na King's African Rifles hakikuwa damu, bali kodi, ukame na uhaba wa kazi za mshahara. Katika jeshi hilo, miaka ya 1950, kiliundwa cheo cha Effendi: kilele kwa Mwafrika, ingawa chini ya kila ofisa wa Kizungu.

Joseph Ndolo, Mkamba aliyelelewa na jeshi hilo, alivuka mpaka huo. Mwaka 1966 alipokea uongozi wa jeshi la Kenya kutoka kwa Mwingereza, na mwaka 1969 akawa mkuu wa majeshi yote. Juni 1971 alijiuzulu, baada ya kutajwa katika kesi ya njama ya kupindua serikali. Hakushtakiwa. Punde Jaji Mkuu Kitili Mwendwa, mzaliwa wa Kitui, naye akajiuzulu.

Jeshi likakabidhiwa Jackson Mulinge, Mkamba pia. Yaonekana basi kwamba "afande" ni heshima ya cheo, si ya mtu wala ya kabila. Na kitolewacho na dola, dola yaweza kukitwaa.