Maria na Consolata Mwakikuti (1996–2018)

Mapacha walioungana, yaani pacha wanaozaliwa miili yao ikiwa haijatengana, zamani walifahamika zaidi kupitia maonyesho ya kulipiwa: Millie na Christine McKoy, waliozaliwa utumwani Marekani mwaka 1851, walizungushwa majukwaani tangu utotoni na baadaye wakasifika kwa uimbaji. Maria na Consolata, nao pia mapacha walioungana, wazaliwa wa Ikonda wilayani Makete, Tanzania, waliolelewa na watawa wa Kikatoliki, walitazamwa na taifa kwa jambo lenye heshima kubwa zaidi, yaani masomo. Mkoani Iringa walihitimu kidato cha sita mwaka 2017, wakajiunga na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha wakitamani ualimu. Walifariki tarehe 2 Juni 2018, wakazikwa Tosamaganga katika kaburi moja.