Kanisa la Miti, Watu wa Jubilii

Kwaya yetu inapomshukuru Mungu kwa jubilii hii, tumeona si vema tuimbe tu bila kukumbushana tulikotoka. Nyumba ya Mungu mnayoketi leo ina kuta za mawe na paa la mabati. Ile ya kwanza ilikuwa ya miti.

Habari hii inaanzia Rabai. Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa CMS, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Agosti 1846, yeye na mwenzake Johannes Rebmann walihamia Rabai baada ya wazee wa Kirabai kuwakubalia kujenga. Nyumba yao ilikuwa ya miti, udongo na makuti. Mavuno hayakuja haraka. Aliyebatizwa kwanza, mwaka 1851, alikuwa Mringe, mtu kilema aliyekuwa kitandani akikaribia kufa. Rebmann alikaa huku miaka 29 akaondoka kipofu.

Waliolikuza kanisa hasa walikuwa watu waliowahi kuwa watumwa. Kuanzia mwaka 1864 walikuja Waafrika waliokombolewa baharini na kusomeshwa India, miongoni mwao William Jones na Ishmael Semler. Wakaja pia watoro wa mashamba ya pwani. Kuwapokea hakukuwa jambo dogo. Daudi Koi, mwinjilisti wa Fuladoyo, kijiji kilichowahifadhi watoro, aliuawa mwaka 1883. Hata hivyo milango haikufungwa. Mwaka 1887 Kanisa la Mtakatifu Paulo likajengwa Rabai, nalo lipo hata leo. Na tarehe 1 Januari 1889, watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika vituo vya misheni walipewa hati za uhuru, baada ya waliodai kuwamiliki kulipwa fidia.

Tukumbuke kwamba katika Mambo ya Walawi sura ya 25, jubilii ni mwaka wa kupiga baragumu na kutangaza uhuru. Kwa hiyo neno lililoandikwa kwenye sare zetu leo si pambo. Babu na bibi za baadhi yetu waliliishi.

Kutoka Rabai Injili ilienda Kaloleni, Jilore na vijiji vingi vya Kilifi na Malindi, na karibu kila mahali ilijengewa kwanza kwa miti. Nguzo ngumu zilitoka msituni. Muhuhu ulipendwa kwa sababu mchwa hauuwezi upesi. Boriti na fito zilitoka mikokoni. Kuta zilikandikwa udongo, kazi ya mikono mingi na maji mengi kichwani mwa akina mama. Makuti yalishonwa chini ya minazi, na kila baada ya miaka michache paa likaezekwa upya. Kanisa la namna hiyo halikuweza kujengwa mara moja likaachwa. Lilihitaji waumini wakutane tena na tena. Paa likivuja, kila mtu alijua zamu ya nani imepita. Upepo wa kusi ukipita kati ya ukuta na paa, sauti ya nne ilipotelea nje, na waimbaji wakajifunza kusikilizana.

Hasara yake ni kwamba miti haiachi magofu. Malindi pana kanisa dogo la Wareno lenye kuta za mawe, na Gede pana misikiti na nyumba za mawe ambazo watu wake walishaondoka. Wageni huzipiga picha kila siku. Sisi tuna watu, lakini majengo yao ya kwanza yameliwa na mchwa, na wanaokumbuka ni wachache, tena kila mwaka tunawasindikiza makaburini kwa nyimbo zilezile walizotufundisha.

Ndiyo sababu tuna ombi. Nyuma ya kanisa letu zimelala nguzo mbili za lile la zamani. Imesemwa mara kadhaa kwamba zipasuliwe kuni za kupikia sherehe. Tunawasihi wazee wa kanisa zisipasuliwe. Moja isimamishwe mlangoni, ili mtoto akiuliza ni mti gani huu, awepo wa kumjibu. Na kila familia imketishe mzee wake wiki hii, iandike: nani alikata miti, nani alibeba maji, wimbo gani uliimbwa siku ya kwanza.

Hatuzuii kujenga kubwa zaidi. Tunaomba tu tusijenge kama watu wasio na waliowatangulia. Mungu aliyekaa nasi chini ya makuti akae nasi hata chini ya vigae.

Karibuni tuimbe.