Si Kizuiajoto, ni Kikawizi

Kijitabu kimoja cha ujenzi wa nyumba za bei nafuu, kinachopita mikononi mwa mafundi wa Kibiti, kinamshauri msomaji aweke "kizuiajoto" chini ya bati. Neno limeungwaungwa, na ubaya wake mkubwa ni kwamba linasema uongo. Joto halizuiwi. Hutoka penye moto kwenda penye baridi mpaka pande mbili zilingane, na ujanja wote wa mjenzi ni kulichelewesha njiani.

Wanaojiona wanazuoni hukimbilia "kihami" cha vitabu vya fizikia. Neno hili asili yake ni Kiarabu, hamā, yaani kulinda. Ndugu yake ni himaya. Lakini kamati zinazotupimia maneno zingefungua ukurasa huohuo wa kamusi zingekuta hamiya, kuwa moto, kwa herufi zilezile tatu za mzizi. Mlinzi tuliyemwajiri dhidi ya joto ana joto tumboni! Na sikio la Mswahili halifiki hata huko: likisikia kihami linakumbuka kuhama. Mwambie fundi wa Bungu kwamba paa linahitaji uhami, atakuuliza mwenye nyumba anahamia wapi.

Mimi nasema kikawizi. Kitenzi tunacho: kawa, kawia, kawiza. Kama ongoza imetuzalia kiongozi, kawiza ina haki ya kuzaa kikawizi. Nilipopeleka pendekezo hili mahali fulani nilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba umbo hilo ni la watu, si la vitu. Mjibuji, ambaye bila shaka amesoma kuliko mimi, amesahau kwamba kila mwalimu nchini amewahi kushika kiongozi cha mwalimu, na hicho ni kitabu.

Delta ya Rufiji haikuhitaji kikao. Wachuuzi wa kamba wanaopita Nyamisati hutia barafu katika friza bovu lisilo na mashine, wakafunika kwa gunia, na sifa ya friza zuri ni moja tu: barafu inakawia kuyeyuka. Hakuna anayesema imezuiwa kuyeyuka, jua wanalijua.

Nyumba zao zinasema hivyohivyo. Makuti ya viungo, yakipangwa kwa kubanana juu ya makombamoyo, hunasa hewa kati ya kuti na kuti, na hewa iliyotulia ni mvivu wa kupitisha joto. Bati ni chuma, na chuma hulipitisha takriban mara 2,000 zaidi ya hewa hiyo. Ndiyo maana chumba cha bati tupu kinaoka watu saa nane mchana. Kisha usiku wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, bati hilohilo linatupa joto lake angani, na kabla ya adhana ya alfajiri watoto wananyang'anyana shuka. Ukuta mnene wa udongo uliokandikwa kwenye fito unalishika joto la mchana na kulirudisha polepole. Nao ni kikawizi, kwa njia yake.

Ndugu zetu walioko Berlin na Toronto wanalipa fedha nyingi kwa jambo hili. Nyumba zao huvuja joto kupitia dari, kuta, vioo na nyufa za milango, na sufu ya kioo inayojazwa darini inafanya kazi ileile ya makuti, ila mwelekeo umegeuka: wao wanakawiza joto lisitoke, sisi lisiingie.

Mpinzani wangu mmoja amenidhihaki kwamba kikawizi ni kama jina la karani anayechelewa kazini. Na liwe. Karani huyo hatimaye hufika ofisini, kama joto linavyofika chumbani, jambo ambalo "kizuiajoto" hakina ujasiri wa kulikiri.

Matumizi, kwa kifupi: kikawizi cha dari, vikawizi vya ukuta, paa lisilo na kikawizi. Kwa nyaya za umeme, wanafizikia waachiwe kihami chao; huko sina ugomvi.