Mwizi wa Nukta

Bila shaka, msomaji, umepata kusikia habari za Neil Armstrong na Buzz Aldrin, walioshuka mwezini tarehe 20 Julai 1969. Huenda hukusikia habari za mwizi waliyesafiri naye.

Kompyuta ya chombo chao ilikuwa na msimamizi, yaani programu iliyogawa kazi: ipi itangulie, ipi ingoje. Mapigo ya umeme yaliyoleta habari kutoka katika vipimo hayakupitia kwake. Mtambo wenyewe uliyahesabu katika kumbukumbu, na kila pigo lilichukua kitambo kidogo mno cha kompyuta. Desturi hiyo ilikuwa njema, maana ilimwondolea msimamizi udhia wa kuuliza kila mara, "Habari imefika? Imekwisha?"

Lakini siku ile mikondo miwili ya umeme haikwenda sambamba. Rada moja, ambayo wala haikuhitajiwa katika kushuka, ikamwaga mapigo ya uongo hadi 12,800 kila nukta, au sekunde kama tusemavyo leo. Zaidi ya sehemu moja katika kumi ya wakati wa kompyuta ikapotea. Msimamizi hakumwona mwizi. Aliona kazi zikirundikana tu, hata nafasi zikajaa na onyo namba 1202 likatokea.

Watunzi wa programu ile, katika maabara ya chuo cha MIT, walikuwa wamemfunza nini la kufanya: aache yote, aanze upya, arudie kazi kuu peke yake. Akafanya hivyo mara kadhaa, na uongozaji wa chombo haukukatika mpaka kikatua.