Sivaji Ganesan

Sivaji Ganesan (1 Oktoba 1928 – 21 Julai 2001) alikuwa mwigizaji wa filamu na wa jukwaani kutoka jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Kati ya mwaka 1952 na 1999 alionekana katika filamu karibu 300, nyingi za Kitamil na chache za Kitelugu, Kimalayalam na Kihindi. Watamil walimpa lakabu ya Nadigar Thilagam inayomweka juu ya waigizaji wenzake wote, na mpaka leo hajatokea wa kumpokonya.

Msomaji aliyekulia kwenye majumba ya sinema ya Unguja, Mombasa au Dar es Salaam huenda hakupata kumsikia. Filamu za India zilizopendwa katika pwani hii zilikuwa za Kihindi, kutoka Bombay, ilhali Madras (siku hizi Chennai) ilikuwa na lugha yake, studio zake na nyota zake. Hadithi alizozicheza, hata hivyo, zilivuka mpaka huo. *Pasamalar* (1961), kisa cha kaka na dada yake, ilirudiwa kwa Kihindi kwa jina la *Rakhi* (1962), na *Navarathri* (1964) ikawa *Naya Din Nai Raat* (1974), ambamo Sanjeev Kumar alibeba mzigo uleule wa kucheza watu tisa.

Utoto na makundi ya maigizo

Alizaliwa Villupuram. Baba yake, Chinnaiah, alikuwa mfanyakazi wa reli, naye alifungwa na Waingereza kwa kushiriki harakati za uhuru katika siku zilezile mtoto alipozaliwa, kwa hiyo malezi ya mwanzo yalimwangukia mama, Rajamani. Akiwa bado mdogo aliona mchezo wa mtaani kuhusu Kattabomman, mtawala wa Panchalankurichi aliyenyongwa na Waingereza mwaka 1799, na mchezo huo ukamwingia akilini. Akiwa na umri wa miaka saba hivi alitoroka nyumbani akajiunga na kundi la maigizo la wavulana. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliwaambia wenye kundi kwamba ni yatima, akihofia wangemrudisha kwao.

Makundi hayo yalikuwa shule na jela kwa pamoja. Watoto walikula, wakalala na kufundishwa mahali pamoja, wakizunguka mji baada ya mji. Walikariri maneno mpaka yawatoke usingizini, wakajifunza kuimba, kucheza ngoma na kupigana kwa panga. Wanawake hawakuwamo, kwa hiyo wavulana ndio waliovaa sari, na Ganesan alianza kwa kumcheza Sita, mke wa Rama, kabla hajapewa nafasi za kiume. Ukumbi ulikuwa mkubwa na vipaza sauti vilikuwa adimu. Mwigizaji ambaye neno lake halikumfikia mtu wa mstari wa mwisho hakuwa na kazi. Anayetaka kuelewa kwa nini Ganesan alizungumza vile kwenye filamu, na kwa nini uso wake haukutulia hata mara moja, aanzie hapa. Wakosoaji wa baadaye waliosema anazidisha walikuwa wakimpima kwa kipimo cha kamera, na yeye alikuwa amefundwa na jukwaa.

Katikati ya miaka ya 1940 alipewa nafasi ya Shivaji, mfalme wa Wamaratha, katika mchezo ulioandikwa na C. N. Annadurai, mwanasiasa wa vuguvugu la Wadravida ambaye baadaye aliongoza serikali ya jimbo. E. V. Ramasamy, kiongozi wa vuguvugu hilo anayejulikana zaidi kama Periyar, aliutazama mchezo huo, na inaelezwa kwamba ndiye aliyemwita kijana huyo Sivaji. Jina likamganda.

Parasakthi

Mtayarishaji P. A. Perumal ndiye aliyemtaka kwa filamu. A. V. Meiyappan, mwenye studio ya AVM iliyoshirikiana katika kazi hiyo, hakumpenda kijana huyu mwembamba na alitaka abadilishwe, lakini Perumal alishikilia msimamo. *Parasakthi*, iliyoongozwa na wawili waliojiita Krishnan–Panju na kuandikwa na M. Karunanidhi, ilitoka siku ya Diwali, 17 Oktoba 1952. Ganesan alikuwa na umri wa miaka 24, na miezi michache kabla ya hapo, tarehe 1 Mei, alikuwa amemwoa Kamala.

Filamu inamfuata Gunasekaran, kijana wa Kitamil aliyerudi kutoka Burma wakati wa vita na kuikuta familia yake imesambaratika: dada yake amekuwa mjane fukara, naye kuhani anajaribu kumnajisi ndani ya hekalu. Kilele chake ni mahakamani. Gunasekaran amesimama kizimbani, na badala ya kujitetea anaishitaki jamii nzima, kwa Kitamil cha mpangilio mzuri kisicho cha mitaani wala cha vitabu vya kale. Mshitakiwa hapigi kelele. Anaanza kwa sauti ya chini, sentensi fupifupi, kisha anazipandisha moja juu ya nyingine bila kuvuta pumzi mahali unapotarajia avute. Wahafidhina walitaka filamu ipigwe marufuku kwa kuwatukana makuhani. Watu wa kawaida waliikariri. Wavulana waliotaka kuingia kwenye maigizo walikuwa wakifanyiwa majaribio kwa hotuba hiyo miaka mingi baadaye.

Miaka ya ukubwa

Baada ya hapo hakupumzika. Katika *Andha Naal* (1954) ya S. Balachander, filamu isiyo na wimbo hata mmoja, jambo lisilosikika kusini mwa India wakati huo, alimcheza fundi wa redio anayewauzia Wajapani siri za nchi yake. Kwa nyota anayepanda, kukubali kuwa msaliti kulikuwa ujasiri. Mwaka huohuo *Manohara* ilimrudisha kwenye minyororo na hotuba ndefu za Karunanidhi.

*Veerapandiya Kattabomman* (1959) ya B. R. Panthulu ilikuwa deni la utotoni. Alikwisha kumcheza Kattabomman jukwaani na kundi lake mwenyewe kabla ya kumpeleka kwenye filamu ya rangi. Katika pambano lake na Jackson, afisa wa Kiingereza anayedai kodi, Kattabomman anamuuliza kwa haki gani anataka ushuru wa shamba ambalo hajawahi kulitia jasho. Kila swali linamrudisha Mwingereza hatua nyuma, na mkono wa Ganesan haushuki kutoka kwenye sharubu. Filamu ilipelekwa kwenye tamasha la filamu za Asia na Afrika mjini Cairo mwaka 1960, na hapo akatangazwa mwigizaji bora. Sifa ya kwanza ya kimataifa ilimfikia, basi, katika bara la Afrika. Mwaka 1970 ilizinduliwa huko Kayatharu, mahali Kattabomman aliponyongwa, sanamu ya shujaa huyo aliyoijenga Ganesan.

*Navarathri*, filamu yake ya 100, ilimgharimu rafiki. Panthulu alitaka heshima ya namba hiyo iende kwa filamu yake, *Muradan Muthu*; zote mbili zilitoka Diwali ya mwaka 1964, na Ganesan akaichagua *Navarathri* ya A. P. Nagarajan. Panthulu alihama na kwenda kufanya kazi na mpinzani wake mkubwa, M. G. Ramachandran. Ndani ya *Navarathri* kuna watu tisa, miongoni mwao mjane tajiri, mlevi, daktari, mkulima na mkoma, kila mmoja na hisia yake. Si wote wanaosimama sawasawa. Mkoma ndiye anayebaki akilini.

Kama ni lazima kuchagua filamu moja ya kumwonyesha mgeni, makala haya yangechagua *Thillana Mohanambal* (1968), nayo ni ya Nagarajan. Ganesan ni Shanmugasundaram, mpiga nadaswaram, zumari ndefu ya mbao inayopigwa kwenye mahekalu na harusi za Watamil. Padmini ni Mohana, mchezaji wa ngoma za kitamaduni. Wanapendana na kushindana, kila mmoja akikataa sanaa yake iwe chini ya ya mwenzake. Sauti inayosikika ni ya ndugu wawili, M. P. N. Sethuraman na Ponnusamy, mafundi halisi wa chombo hicho. Lakini tazama mashavu ya Ganesan yanavyojaa na kupungua, mishipa ya shingo, vidole vinavyoziba na kuachia matundu kwa wakati wake, na namna anavyotoa chombo mdomoni nusu sekunde ili aibe pumzi. Aliwachunguza wapigaji hao kwa makini, na watazamaji wengi waliamini anapiga mwenyewe. Humo pia kuna kitu ambacho wakosoaji wake hawakukisema vya kutosha: kiburi cha msanii, chenye wivu na cha kitoto, amekicheza bila kujaribu kupendwa.

Hakuwa mchoyo wa nafasi. Katika *Thiruvilaiyadal* (1965) yeye ni mungu Shiva, lakini anayeondoka na kicheko cha ukumbi ni mchekeshaji Nagesh, katika nafasi ya Dharumi, mshairi maskini, kwenye mlango wa hekalu. Inasimuliwa kwamba Ganesan mwenyewe alisisitiza onyesho hilo lisikatwe. Maneno ya filamu hiyo, kama ya *Kattabomman*, yaliuzwa kwenye santuri, mazungumzo matupu, na watu waliyasikiliza kama muziki.

*Deiva Magan* (1969), ambamo alikuwa baba na wanawe wawili kwa wakati mmoja, ilichaguliwa na India kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya kigeni, ya kwanza ya Kitamil kupelekwa huko. Miaka ya 1970 ilikuwa na kelele nyingi kuliko kina, ingawa *Thanga Pathakkam* (1974), kuhusu polisi mwenye mwana mhalifu, na *Trisoolam* (1979), filamu yake ya 200, zilijaza kumbi.

Mpinzani na siasa

Kwa robo karne Tamil Nadu iligawanyika kati ya wafuasi wa Ganesan na wa Ramachandran, aliyeitwa M.G.R. Walicheza pamoja mara moja tu, katika *Koondukkili* (1954). Tofauti yao haikuwa ya kipaji pekee. M.G.R. alicheza mtu mmoja maisha yake yote, mwema asiyevuta sigara wala kunywa pombe, mtetezi wa maskini, na mtu huyo akachaguliwa kuwa waziri mkuu wa jimbo mwaka 1977. Ganesan alicheza walevi, wasaliti, wazee wakaidi na wafalme walioshindwa. Watu walilia naye ndani ya ukumbi, kisha wakaenda kumpigia kura mwingine.

Alianza upande wa chama cha DMK cha Annadurai. Katikati ya miaka ya 1950 alikwenda kuhiji kwenye hekalu la Tirupati, na wenzake wasioamini miungu wakamgeuka. Mabango yake yalichanwa. Akahamia chama cha Congress, akiwa na mapenzi makubwa kwa kiongozi wake K. Kamaraj, na mwaka 1982 akawa mbunge wa baraza la juu, Rajya Sabha. Baada ya M.G.R. kufariki mwaka 1987, Ganesan alijitenga na Congress, akaanzisha chama chake mwenyewe na kumuunga mkono Janaki, mjane wa mpinzani wake wa siku zote. Uchaguzi wa mwaka 1989 ulimalizana nao. Yeye mwenyewe alibwagwa Thiruvaiyaru, na chama chake hakikudumu. Kwa muda aliongoza tawi la chama cha Janata Dal jimboni, kisha akaachana na siasa.

Familia na miaka ya mwisho

Aliishi na Kamala na watoto wao wanne, Shanthi, Thenmozhi, Ramkumar na Prabhu, katika nyumba iitwayo Annai Illam mtaa wa T. Nagar, Chennai, pamoja na familia za ndugu zake. Mdogo wake, V. C. Shanmugam, ndiye aliyeshika hesabu na mikataba, jambo lililomwachia Ganesan nafasi ya kufikiria uigizaji tu. Prabhu alikuwa nyota kwa haki yake katika miaka ya 1980 na 1990, na mtoto wa Prabhu, Vikram, alianza na *Kumki* mwaka 2012. Ramkumar alisimamia kampuni ya familia iliyotengeneza *Chandramukhi* (2005), iliyochezwa na nyota Rajinikanth.

Uzeeni waongozaji wapya walimtaka apunguze. Katika *Muthal Mariyathai* (1985) ya Bharathiraja ni mzee wa kijiji aliyenaswa katika ndoa chungu, anayempenda msichana wa kivukoni bila kuthubutu kulisema. Sehemu kubwa ya kazi inafanywa na macho. *Thevar Magan* (1992) ilimkutanisha na mwigizaji Kamal Haasan, Ganesan akiwa baba anayezungumza na mwanawe usiku wa mvua kuhusu wajibu kwa watu wao, bila kuinua sauti. Tuzo za Taifa za India zilimpa kwa kazi hiyo heshima maalumu ya majaji, naye akaikataa. Tuzo ya mwigizaji bora wa taifa hakuipata kamwe, ilhali M.G.R. alikuwa nayo kwa *Rickshawkaran* (1971). Ni vigumu kuutetea uamuzi wa kumnyima. Serikali ilimpa Padma Shri (1966) na Padma Bhushan (1984), Ufaransa ikamtunuku nishani ya sanaa mwaka 1995, na tuzo ya Dadasaheb Phalke, ya juu kabisa katika filamu za India, ikawa yake kwa mwaka 1996.

Mwaka 1999 alicheza baba wa Rajinikanth katika *Padayappa*. Maradhi ya moyo yalikuwa yamemsumbua kwa miaka kadhaa alipofariki hospitalini Chennai, akiwa na umri wa miaka 72. Sanamu yake iliwekwa karibu na ufuo wa Marina mwaka 2006, kisha mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye jengo la kumbukumbu yake huko Adyar. Filamu yake *Karnan* (1964), iliyosafishwa kwa kompyuta na kurudishwa kwenye kumbi mwaka 2012, ilionyeshwa Chennai kwa zaidi ya siku 100.