Inzi wa Matunda na Safari Zao

Wasikilizaji wetu, kila msimu wa maembe hapa Makanyagio, mjini Mpanda, twaona jambo lile lile. Embe limeiva, ganda lake zuri. Ukilipasua, ndani mna funza weupe. Wako wasemao kwamba funza hao huzaliwa na mvua au joto. Sivyo. Mama yao ni inzi, naye hulitoboa ganda na kutaga mayai chini yake, na alama ya kidonda hicho ni shida kuiona.

Jamaa ya inzi hawa ina aina zipatazo 5,000 duniani, na Afrika ina sehemu yake kubwa. Wengi hukaa msituni wala hawamdhuru mkulima. Wachunguzi waliookota matunda ya mwitu katika misitu ya Kenya waliona kwamba wengine hula matunda ya miti michache tu ya ukoo mmoja. Mmoja wao hula matunda ya mng'ongo. Miembe ilipoletwa kutoka Asia, ikapandwa kandokando ya njia za misafara hata Tabora na Ujiji, inzi huyo akapata chakula cha pili.

Ndugu yake, ambaye hupenda buni, alisafiri mbali zaidi. Alivuka mpaka nchi za Bahari ya Kati, na mwaka 1910 alionekana Hawaii. Wenyeji wa huko walimtuma mtaalamu wa Italia, Filippo Silvestri, aje Afrika ya Magharibi mwaka 1912 kutafuta manyigu wamwuao. Basi Afrika nayo imepata kuwapelekea wengine hasara. Tusijione sisi tu tulioonewa.

Zamu yetu ilifika mwaka 2003. Inzi mgeni kutoka Asia alinaswa pwani ya Kenya, na mwaka ule ule akaonekana Tanzania. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina la Kilatini lenye maana ya mvamizi. Mwaka 2015 wakakubali kwamba ndiye yule yule ajulikanaye Asia tangu zamani, Bactrocera dorsalis. Jike moja aweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Adui zake waliachwa kwao, kwa hiyo miaka michache ilitosha kumfukuza inzi wa mng'ongo katika mashamba kadhaa ya maembe. Mwaka 2014 Kenya ililazimika kusimamisha kuuza maembe yake Ulaya, na biashara hiyo haikufunguliwa tena mpaka 2021. Mtu wa Makanyagio hauzi Ulaya, lakini ndoo ya maembe yenye funza hainunuliwi hata sokoni kwake.

Sisi wenyewe tumekosa miaka mingi, maana maembe mabovu tuliyaacha chini ya mti yaoze. Kumbe funza hutoka ndani ya tunda, huingia udongoni, na huko hugeuka inzi. Yafaa kuyaokota kila siku, na kuyafunga ndani ya mfuko mweusi juani, au kuyafukia chini nusu mita au zaidi.

Mwaka 2006 wataalamu wa Nairobi nao waliagiza nyigu mdogo kutoka Hawaii, kama vile watu wa Hawaii walivyokuja kutafuta manyigu kwetu. Nyigu huyo hutia yai lake ndani ya yai la inzi, wala hamdungi mtu.